Range Rover V8 ya zamani inagonga juu? Usikimbilie kubadilisha tapeti peke yake

Leo naongelea tapeti za haidroliki (vikombe vidogo vinavyojaa oili, vinakaa kati ya kamshafti na valvu), zile za V8 ya Range Rover ya zamani, kwa sababu nimechoka kusikia "aah hiyo ni tapeti tu, weka mpya itanyamaza". Ndo hapo watu wanapoua injini. Unaweka tapeti mpya juu ya kamshafti (ile shafti yenye nundu zinazofungua valvu) iliyolika, gari inanyamaza kidogo, unafurahi, afu baada ya muda inarudi kugonga vibaya kuliko mwanzo na hela ishaenda.

Gari yenyewe ni ya 1984, kabureta mbili za Stromberg, nimeachiwa na mjomba. Injini ni ile ya 3528 cc, bloku na hedi zote alumini. Wengi wanajua ni injini ya Kiingereza ila asili yake ni Marekani, Buick waliitoa 1961 wakaiacha 1963, Rover wakanunua haki zake 1965, wakaifunga kwenye Rover P5B mwaka 1967, na Range Rover ilipotoka 1970 ikapewa hiyohiyo. Tapeti za oili zilikuja nayo toka huko Marekani, wenzetu walitaka injini tulivu ambayo mwenye gari hahangaiki kuiseti.

Na hapa ndo shida inaanzia kwetu. Mafundi wengi huku wamekulia kwenye Land Rover za dizeli, 200Tdi na 300Tdi, zile ikigonga unafungua kava ya juu, unaingiza fila geji (kibati cha kupimia uwazi), unalegeza nati unageuza skrubu, umemaliza. Kwenye V8 hamna skrubu hata moja. Kijana mmoja pale gereji kafungua kava, kaangalia weee, akaniuliza "braza, hii inasetiwa wapi?" Swali zuri kabisa, na jibu ni kwamba haisetiwi, oili yenyewe ndo inaseti.

Inafanyaje kazi: kila tapeti ni kama kikombe cha chuma, ndani kuna pistoni ndogo, spring na kigololi kinachofunga tundu. Oili ya presha inaingia ndani wakati valvu imefunga na kujaza ule uwazi wote. Nundu ya kamshafti ikija kusukuma, kigololi kinaziba, oili inabaki imefungiwa humo, na kwa vile oili haibanyiki tapeti inakuwa ngumu kama chuma kitupu na kusukuma pushi rodi (fimbo ndefu ya chuma), nayo inasukuma roka (mkono wa juu), roka inabonyeza valvu. Inavujisha kidogo sana, afu inajazwa tena mzunguko unaofuata. Kwa hiyo gari ikilala siku kadhaa, ukiwasha asubuhi ikagonga sekunde chache ikanyamaza, hiyo ni kawaida, usiiguse. Ya kushughulikia ni ile inayogonga mpaka injini imepata moto na haiachi.

Na hata hapo anza na presha ya oili kwanza. Toa ile swichi ya taa ya oili funga geji ya kweli, usiamini taa ya dashibodi. Hizi injini presha yake ni ndogo kiasili, ikiwa ya moto kwenye 2400 rpm kitabu kinataka kama psi 30 mpaka 40. Kama uko chini ya hapo sana, tapeti mpya hazitakusaidia kitu, tafuta kwanza pampu na beringi. Yangu ilikuwa na presha nzuri ila inagonga, na silinda moja upande wa kushoto ilikuwa haivuti vizuri, plagi nzuri, waya nzuri, moto upo. Mzee anayenisaidia kasikiliza akasema "mwanangu hii valvu haifunguki yote, kamshafti imekwisha hapo". Hajafungua hata nati moja!

Tukafungua. Mwaga maji ya rejeta kabla hujagusa menifodi ya juu (ile inayopeleka hewa na petroli kwenye silinda), maji yanapita humohumo ndani yake, ukiiinua bila kumwaga yote yanaingia kwenye bonde la injini (uwazi wa katikati ya pande mbili za V), juu ya kamshafti. Hata ukimwaga matone hayakosi, ndo maana oili lazima ibadilishwe mwishoni, usijidai kubana matumizi. Chini ya menifodi kuna gasketi ya bati jembamba kubwa limefunika bonde lote na raba mbili huku na huku, hiyo nunua mpya. Ukitoa bati ndo unaziona tapeti 16 zimejipanga. Kwetu kulikuwa na tope jeusi zito kila kona, oili ya miaka iliyoganda.

Chukua boksi la katoni, toboa matundu 16, andika namba, chomeka pushi rodi kila moja kwa nafasi yake. Shafti za roka nazo usizichanganye kushoto na kulia, zina alama ya kukatwa upande mmoja wa ncha, ukifunga kinyume matundu ya oili yanakaa pasipotakiwa na roka zinakauka. Halafu zigeuze uangalie kwa chini, maana zinalika huko ambako huoni ukiwa umesimama juu ya injini, nazo zinapiga kelele ileile.

Sasa tapeti. Nyingi zilitoka kwa vidole, chache zikagoma. Kijana akashika praizi, mzee akamzuia, "acha, utakwangua tundu lake". Kitako kikilika kingo zake zinapanuka kama uyoga, haipiti tena juu, ukiivuta kwa nguvu inachana alumini ya bloku. Hizo unaziacha, unatoa kamshafti kwanza afu unazisukuma zitokee chini.

Kitu nachotaka kila mwenye hii gari akijue ni hiki hapa. Mzee alichukua tapeti mbili mpya akazigusisha kitako kwa kitako mbele ya macho yangu, zikawa zinayumba, haziwezi kutulia. Kitako cha tapeti mpya siyo bapa, kina mbinuko mdogo sana kwa nje ambao jicho halioni. Akachukua mbili za zamani akafanya hivyohivyo, zikatulia tuli, na ukielekeza kwenye mwanga unaweka rula juu yake unaona mwanga unapita katikati, yaani kimebonyea kuwa kisahani. Ule mbinuko una kazi. Nundu ya kamshafti nayo imechongwa na mwinamo kidogo, vikikutana tapeti inazunguka kila inaposukumwa, kwa hiyo hailiki sehemu moja. Kitako kikishabonyea tapeti inaacha kuzunguka, inasuguana palepale, nundu inaliwa. Na ukiweka tapeti mpya juu ya nundu iliyoliwa, inaharibika na yenyewe. Ndo maana vinabadilishwa pamoja, kamshafti na tapeti zote 16, siyo moja moja. Ya kwetu tulipoichomoa, nundu ya ile silinda ilikuwa fupi waziwazi ukilinganisha na jirani zake, kidole kinahisi ukingo.

Kutoa kamshafti ni kutoa rejeta, pampu ya maji, distribyuta na kava ya taimingi yote. Ukishafika hapo badilisha na cheni na gia zake, hasa ukikuta gia ya kamshafti yenye meno ya nailoni, hayo yakizeeka yanakatika na kudondokea kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini).

Pampu ya oili iko kwenye ileile kava, na ukiifungua lazima gia zake uzijaze mafuta ya mgando, haya ya kawaida ya kujipaka ya dukani. Bila hivyo pampu inashindwa kuvuta oili, unapiga stata mpaka betri inakufa na kamshafti mpya inasagika kavu. Sisi tulizungusha pampu kwa drili kupitia tundu la distribyuta mpaka oili ikatokea kwenye roka pande zote mbili, ndo tukafunga distribyuta.

Kabla ya kufunga menifodi pima pushi rodi zimebonyeza tapeti kiasi gani. Ikiwa nundu imegeukia chini, kile kibakuli cha pushi rodi kiwe kimeshuka chini ya kipete cha waya kati ya milimita 0.5 na 1.5. Isipofika hapo itagonga, ikizidi sana valvu inaweza isifunge. Vitako na nundu vyote vipakwe ile pesti nzito ya kamshafti, oili tupu haitoshi.

Kuwasha mara ya kwanza ndo kila kitu. Maji yawe yamejaa, kabureta zina petroli, taimingi imekaa, ili iwake palepale bila kupiga stata ndefu. Ikiwaka tu peleka 2000 mpaka 2500 rpm, kaa hapo dakika 20 ukipandisha na kushusha kidogo kidogo, marufuku kuiacha sailensa (ikiunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta). Nundu zinalowa kwa oili inayorushwa na krenki, kwenye sailensa inayorushwa ni kidogo mno. Majirani walitoka kuuliza kuna nini, tukawaambia wavumilie. Iligonga mwanzoni, mojamoja zikajaa, zikanyamaza.

Baada ya hapo mwaga oili yote na filta, weka mpya. Natumia 20W-50 ya madini yenye zinki na fosforasi ya kutosha, nasoma kopo kabla ya kulipa, maana oili nyingi za kisasa zimepunguzwa hivyo vitu ili kulinda masega (kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) ya magari mapya, na hii gari haina masega. Naibadilisha kila kilomita 5,000 hata kama bado inaonekana safi. Silinda ya kushoto sasa inavuta kama zingine, na shafti za roka, ambazo zilikuwa zimelika nusu nusu, nimeshaagiza mpya kutoka Uingereza, zikifika tunazifunga.