Jinsi nilivyouondoa mvumo kwenye priampu ya santuri

Hatimaye imetulia, kwa hiyo naandika ili mwingine asihangaike. Priampu yangu (kifaa kinachokuza ishara dhaifu ya santuri) ina saketi ya RIAA, inayosawazisha besi na sauti za juu za santuri, bafa mbili za kutoa sauti (saketi zinazoisukuma ishara kwenda nje) na ugavi wa umeme wenye pande mbili, chanya na hasi. Ilipiga vizuri, ila chini ya muziki kulikuwa na mvumo mzito.

Nilisogeza transfoma mbali, nikabadilisha waya za kuingiza sauti: wapi! Kapasita (vihifadhi chaji) kubwa zaidi kwenye ugavi zikauongeza kidogo.

Kilichonifumbua macho ni kuziba ingizo kwa kuliunganisha na ardhi, yaani waya wa pamoja wa volti sifuri ndani ya kifaa. Mvumo ukabaki vilevile, tena ulikuwa wa 100 Hz, si 50 Hz ya umeme wa ukutani. Hiyo ni alama ya mkondo unaochaji kapasita baada ya dayodi, vipande vinavyogeuza umeme wa AC kuwa DC na kutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko.

Nikafuatilia waya za ardhi. Ardhi ya RIAA ilishikwa kwenye kapasita moja, ya bafa kwenye nyingine, na kati yao kipande cha waya cha sentimita chache. Mkondo wa kuchaji hupita humo kwa mapigo makali, na volteji ndogo inayozaliwa hapo inajichanganya na sauti.

Nilichofanya: katikati ya kipande kile nikalehemu tawi fupi hadi kwenye skrubu moja, kisha ardhi zote, za RIAA, bafa na soketi, nikazifunga kwenye skrubu hiyo. Tawi ni muhimu sana, maana mkondo wa kuchaji haupiti ndani yake.

Mvumo umekwisha, hata sauti ikifunguliwa yote.