Kupanda Menengai kwa Baiskeli: Njia za Milimani Zinazoanzia Nakuru

Nakuru limekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, lakini mwendesha baiskeli anayetoka katikati yake bado hahitaji muda mrefu kuiacha lami na kujikuta chini ya miti. Upande wa kusini hakuna pa kwenda, kwa sababu Mbuga ya Ziwa Nakuru imezungushiwa uzio, na simba, nyati na vifaru waliomo si wa kupishana nao juu ya baiskeli. Upande wa kaskazini mambo ni tofauti kabisa. Nyumba za mtaa wa Milimani zimeegemea ubavu wa Menengai, mlima wa volkano wenye kreta kubwa juu yake, na pale nyumba zinapokoma ndipo msitu unapoanza.

Njia ninazozieleza hapa hazikukatwa kwa ajili ya baiskeli, na asiyelitambua hilo mapema atazilaumu bure. Nyingi ni vijia vilivyokanyagwa na wanaokwenda kuokota kuni, na mifugo inayopelekwa malishoni, na waumini wanaopanda kwenda kufunga na kusali mapangoni na kwenye kingo za kreta. Nyingine ni barabara za msituni za kuzuia moto na kusomba magogo. Kila mmoja wa watu hawa ameacha njia yenye umbo la haja yake. Anayeteremka na mzigo wa kuni mgongoni hutaka kufika nyumbani upesi, kwa hiyo kijia chake hushuka moja kwa moja kama uzi uliovutwa, na mvua ya kwanza hukigeuza kuwa mfereji. Ng'ombe naye hana haraka. Huuzunguka mteremko kwa upole, hupinda penye mwamba, na hupanda kidogo kidogo bila kujichosha. Baada ya miaka kadhaa ya kuzizoea njia hizi nimefikia uamuzi kwamba mpimaji bora wa njia ya baiskeli katika nchi hii ni ng'ombe, na kila nifikapo njia panda msituni hutazama kwanza ni upande upi wenye samadi.

Mji uko katika mwinuko wa takriban mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na sehemu ya juu kabisa ya ukingo wa Menengai iko mita 2,278. Kwa hiyo anayeanzia mjini hupanda zaidi ya mita 400 katika safari isiyofika kilomita 10, na mgeni aliyetoka Kisumu, achilia mbali Mombasa, ataisikia tofauti hiyo kifuani kabla ya kuisikia miguuni. Sehemu ya chini hupita katikati ya mikalitusi, ambako majani makavu hufunika mizizi na kuifanya iteleze hata siku ya jua. Juu zaidi mikalitusi hupungua na vichaka vya leleshwa huchukua nafasi, kijia huwa chembamba, na udongo hubadilika kuwa majivu ya volkano yaliyochanganyika na vijiwe vyepesi vinavyobingirika chini ya tairi. Hapo hakuna faida ya kusimama juu ya kanyagio, kwani gurudumu la nyuma litazunguka pale pale bila kushika. Afadhali mtu akae, ateremshe gia hadi ya chini kabisa, asogee mbele kidogo kwenye kiti na kukanyaga bila kukatisha.

Ukingoni ardhi hukatika ghafla. Kreta ina upana wa takriban kilomita 12 kwa 8, kuta zake zinashuka mamia ya mita, na sakafu yake imejaa lava nyeusi iliyoganda kwa mikunjo, huku mvuke ukipanda hapa na pale. Wengi hufika mahali pa kutazamia, hupiga picha, kisha hurudi mjini kwa barabara waliyopandia. Ninaona hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu sehemu iliyo tamu zaidi ndiyo inayoanzia hapo. Vijia vya mifugo hufuata ukingo, vikiingia na kutoka vichakani, mara vikiwa umbali salama kutoka kwenye genge na mara vikilikaribia kiasi kwamba mtu mwenye busara hushuka na kusukuma. Havina mwinuko mkali wala mteremko mkali, hivyo mtu anaweza kukanyaga kwa muda mrefu bila kugusa breki, jambo lisilopatikana kwingineko karibu na mji huu.

Naulizwa mara kwa mara kuhusu kushuka ndani ya kreta. Tangu 2011 pamekuwa pakichimbwa visima vya mvuke kwa ajili ya umeme, na barabara iliyojengwa kwa kazi hiyo inafika sakafuni. Anayetaka kusema kwamba amefika chini atafika, akiruhusiwa na wanaohusika, lakini kama safari ya baiskeli sioni mvuto wake. Barabara ni pana, magari ya kazi hutimua vumbi, na nje ya barabara lava ni kali kiasi cha kupasua ubavu wa tairi. Kisha kuna kupanda tena, wakati wa joto, bila kivuli.

Vumbi hilo na majivu hayo yanastahili maelezo zaidi, maana ndiyo yanayoamua siku iwe nzuri au mbaya. Majivu ya volkano hupitisha maji upesi, hivyo ubavu wa Menengai huweza kuendeshwa muda mfupi baada ya mvua, na mimi huupenda zaidi siku inayofuata mvua ya wastani, udongo unaposhikana. Kiangazi kikirefuka, udongo huo huo hulegea ukawa unga, na kwenye kona gurudumu la mbele huzama na kwenda linakotaka. Dawa yake ni kupunguza upepo kidogo katika matairi, kuinua macho na kutazama mbali, na kutobana breki ya mbele katikati ya kona. Upande wa magharibi wa mji kuna jambo jingine la kuangaliwa: majivu yamelala juu ya nyufa za kale za Bonde la Ufa, na mvua kubwa inapoyasomba kwa chini, ardhi hubonyea au kufunguka shimo mahali palipokuwa pazima. Baada ya mvua za Machi hadi Mei, kijia ambacho mtu alikijua vizuri Februari kinafaa kupitwa mara ya kwanza kwa mwendo wa mgeni.

Kuhusu baiskeli yenyewe sitasema mengi. Baiskeli ya mtumba yenye fremu imara, gia nyepesi na breki zinazoshika inatosha kabisa, na mafundi wa mjini wanaijua vizuri. Jambo moja nisilopatana na wenzangu ni kuhusu miiba. Wao hubeba tyubu za akiba na viraka, nami nasema kwamba katika nchi ya migunga ni afadhali mtu atumie tairi lisilo na tyubu, lenye maji ya kuziba ndani, kwa sababu kuziba pancha juani huku mvua ya alasiri ikikusanyika upande wa Mau si starehe ya mtu yeyote.

Anayetaka siku nzima aelekee kaskazini-mashariki, kwenye misitu ya Bahati na Dundori, ambako ardhi huinuka kuelekea Nyandarua na miti iliyopandwa ni misonobari na misaipresi. Huko wakulima huruhusiwa kulima viazi, mahindi na maharagwe kati ya miche hadi miti itakapokua na kufunika jua. Matokeo kwa mwendesha baiskeli ni kwamba ramani ya simu haina uzito mkubwa: njia ya msimu uliopita leo ni shamba la viazi, na njia mpya imefunguliwa na trekta la kuvuta magogo mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Ukifika na kukuta matuta, hushuki ukayavuka kwa sababu wewe ulipita hapo mwaka jana. Humwamkia mama anayepalilia, humwuliza njia imehamia wapi, naye kwa kawaida huonyesha kwa jembe na kuongeza onyo kuhusu mbwa wa jirani. Udongo wa huko ni mwekundu na mzito. Ukilowa, hujaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likatae kuzunguka, kwa hiyo mvua ikinyesha Bahati usiku, mimi hubaki Menengai.

Njia za kutoka Njoro kupanda kuelekea Mau Narok, kando ya mashamba ya ngano na shayiri, ni nzuri kwa mapafu, ila ni barabara za mashambani kuliko njia za milimani. Mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, iliyoanzishwa 1984, inaruhusu baiskeli kati ya pundamilia na twiga, na kwa anayeanza ni mahali pazuri pa kujifunza, maana njia yake kuu ni pana na tambarare. Korongo lake ni la kwenda kwa miguu, tena si wakati wa mvua: mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019.

Nikirudi Menengai, kinachonisumbua ni vile vijia vya kushuka moja kwa moja kuelekea Milimani. Kila msimu wa mvua huvichimba zaidi, na waendeshaji, wakikwepa mfereji, hufungua kijia cha pili ubavuni, kisha cha tatu, mpaka mteremko mzima unabaki bila nyasi. Wa kulaumiwa hapo si waokota kuni peke yao, kwani breki zetu zinazoburuza gurudumu la nyuma hulegeza udongo kuliko miguu yao. Kazi inayohitajika haina gharama kubwa: kukata vijifereji vya mshazari vya kuyatoa maji njiani kila baada ya hatua chache, kulaza magogo mahali palipobomoka, na kuvifunga vile vijia vya pembeni kwa matawi ili nyasi ziote tena. Hayo yakubaliwe kwanza na wahudumu wa msitu pamoja na wanakijiji wanaoutumia, na yafanywe kati ya Januari na Februari, ardhi ingali kavu. Majembe yapo, na vijana wanaopanda kila Jumamosi wapo. Kinachobaki ni kukubaliana ni kijia kipi kitakachoanza, na kwa maoni yangu kianze kile cha karibu na nyumba za mwisho, ambacho maji yake huishia katika ua wa watu.