Kuhamishia kache ya Firefox kwenye RAM bila kupoteza bando

Kompyuta mpakato ninayoitumia katika steshenari yangu hapa Chikongola, Mtwara Mjini, ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8, mfumo wa Debian (aina ya Linux), na diski ya kuzunguka, ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika. Msimu wa korosho unapoanza, makarani wa vyama vya msingi hufika mapema kupakua na kuchapa nyaraka zao, nami huwa nimefungua kurasa kumi au zaidi kwa wakati mmoja. Hapo taa ndogo ya diski ilikuwa ikiwaka mfululizo, diski ikikwaruza, na ukurasa ukiganda ilhali mteja amesimama mbele yangu na bahasha mkononi. Mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine inasaga nini humo ndani?"

Ilichokuwa ikisaga ni kache. Kivinjari huweka nakala za picha na vipande vingine vya kurasa ulizotembelea ili ukirudi kisizipakue upya, na kwa Firefox ya Debian nakala hizo hukaa ndani ya ~/.cache/mozilla. Ni maelfu ya faili ndogondogo, na diski ya kuzunguka huchoshwa na wingi wa faili kuliko ukubwa wake, kwa kuwa kichwa chake cha kusomea hulazimika kuhama kutoka sehemu moja hadi nyingine kutafuta kila moja. Linux ina dawa ya jambo hili tangu toleo la 2.4 la mwaka 2001: tmpfs, yaani mfumo wa faili unaoishi ndani ya RAM. Nilifunga Firefox, nikafuta kilichokuwemo katika folda hiyo (usipokifuta kitafichwa tu na kuendelea kula nafasi ya diski), kisha nikaongeza mstari huu mmoja katika /etc/fstab, faili inayoorodhesha diski na folda za kuunganishwa kompyuta inapowaka (duka ni jina la mtumiaji, weka lako):

tmpfs /home/duka/.cache/mozilla tmpfs size=512M,uid=1000,gid=1000,mode=0700 0 0

Hiyo 512M ni kikomo tu; RAM hutumika kadiri faili zinavyoingia, haitengwi yote kwa mkupuo. Usisahau uid na gid, yaani namba ya mtumiaji na ya kundi lake, kwa sababu bila hizo folda inakuwa mali ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) na kivinjari chako hakitaweza kuandika humo. Baada ya sudo mount -a, inayotekeleza mstari huo, amri ya df -h ~/.cache/mozilla itakuonyesha kama tmpfs imekaa. Ndani ya about:config (ukurasa wa mipangilio ya ndani, unaandika jina hilo kwenye sehemu ya anwani ya Firefox) nilizima browser.cache.disk.smart_size.enabled, inayoiachia Firefox ijipangie ukubwa wa kache, na kuweka browser.cache.disk.capacity kuwa 400000, ambazo ni kilobaiti, ili Firefox isifikie kikomo cha folda. Wenye Ubuntu kuanzia 22.04 waangalie kwanza, kwani Firefox inayokuja nayo ni ya snap (mfumo wa Ubuntu wa kufungasha programu) na kache yake iko ~/snap/firefox/common/.cache/mozilla. Alamisho na nywila hazimo katika kache, kwa hiyo zinabaki salama kwenye diski.

Mwenye RAM ya GB 2 simshauri afanye hivi. RAM ikijaa, yaliyomo katika tmpfs husukumwa kwenda kwenye swapu, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, na swapu iko kwenye diski ileile uliyokuwa ukiikimbia.

Maelekezo mengi huishia hapo, lakini kwetu tunaonunua intaneti kwa bando, jambo zito ndipo linapoanzia. RAM husahau kila kitu kompyuta inapozimwa. Wiki ya kwanza nilifurahia wepesi wa kurasa, kisha nikaona kwamba bando langu la wiki linakata kabla ya siku yake, kwa sababu kila asubuhi Firefox ilikuwa inapakua upya nembo na picha zilezile za tovuti zilezile ambazo wateja wangu huzihitaji kila siku. Kuokoa diski kwa kuteketeza bando si hesabu ninayoweza kuikubali.

Kwa hiyo sasa, jioni kabla ya kufunga duka, ninafunga kwanza Firefox na kuendesha amri hii ya kunakili kache kwenye folda ya akiba iliyo kwenye diski:

rsync -a --delete ~/.cache/mozilla/ ~/akiba-kache/

Asubuhi, kabla ya kufungua kivinjari, ninazirudisha:

rsync -a ~/akiba-kache/ ~/.cache/mozilla/

Diski inaandikiwa kache mara moja kwa siku badala ya kutwa nzima, na tovuti za kila siku hazianzi upya. Mchana ninapokwenda kuswali siizimi mashine, ninaifunga kifuniko tu ilale, kwani ikiwa katika usingizi RAM inaendelea kupata umeme na kache haipotei. Umeme ukikatika na betri ikaisha kabla ya jioni, ninachopoteza ni kache ya siku hiyo moja. Ya jana iko ndani ya akiba-kache, na kesho yake ninaanza nayo.