Raghu wa Mudumalai na tembo wa Mlima Elgon

Filamu ya The Elephant Whisperers, iliyotolewa mwaka 2022 na kutunukiwa tuzo ya Oscar mwaka 2023, inawahusu Bomman na Bellie wa jamii ya Kattunayakan, waliomlea Raghu, ndama yatima wa tembo ambaye mama yake aliuawa na umeme, katika msitu wa Mudumalai kusini mwa India. Kilichonigusa zaidi ni mikono ya Bellie, anayemlisha, kumwogesha na kumbembeleza ndama huyo, ilhali yeye mwenyewe alikwisha kufiwa na binti yake. Idara ya misitu ilipomkabidhi Raghu kwa mlezi mwingine, uchungu wao ulikuwa uchungu wa wazazi hasa, nami nililia.

Sisi wakazi wa Kitale tuna sababu ya kuitazama kwa makini. Katika pango la Kitum, Mlima Elgon, tembo huingia gizani wakipapasa njia kwa mikonga, kisha huchokonoa kuta kwa pembe na kuutafuna mwamba kwa ajili ya chumvi yake. Wenyeji nao waliwahi kuishi katika mapango ya mlima huo pamoja na mifugo yao, na kuchimba chumvi ya ng'ombe humo humo. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza mno tembo hao. Ujirani huo unastahili filamu yake, isimuliwe na wazee wa Elgon kwa vinywa vyao wenyewe, wangali hai.