Chokoleti za Valentine nilizotengeneza mwenyewe hapa Tabora

Mwaka 2023 ndo nilijaribu mara ya kwanza kumtengenezea mume wangu chokoleti za Valentine na zikaniharibikia. Yeye kazi yake iko Kigoma, mimi na watoto tuko Tabora, anakuja na treni akipata ruhusa, kwahiyo siku za kukaa pamoja tunazihesabu kabisa, na nilitaka akiingia ndani akute kitu nimekifanya kwa mikono yangu, sio boksi la dukani lenye utepe.

Nilifanya vile wengi wanafanya, unga wa kokoa, mafuta ya nazi na asali unakoroga unamimina kwenye trei ya barafu unaweka friji. Zilitoka nzuri, zinang'aa. Nikazipanga kwenye sahani, tukala wali, tukapiga stori, kuja kugeuka sahani imekuwa kama imemwagiwa mchuzi. Iliniuma sana. Baadae ndo nikaelewa kwamba mafuta ya nazi yanaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 24 tu, na nyumba yetu ya bati mchana wa mwezi wa pili inapita hapo hata kama mvua imenyesha asubuhi. Mafuta ya kakao yenyewe, yale ya kwenye mbegu, yanavumilia mpaka karibu nyuzi 34, ndo maana chokoleti halisi inatulia mezani ila ukiitia mdomoni inalegea.

Kwahiyo 2024 nikabadilisha. Nilinunua chokoleti nyeusi mbili za gramu 100, ila kwanza nikasoma nyuma ya pakiti nione imeandikwa siagi ya kakao, ndo hayohayo mafuta ya kakao, kwasababu kuna nyingine zimewekwa mafuta ya mimea, tamu kweli lakini sio kitu kimoja. Na kakao inalimwa hapahapa nchini, Kyela kule Mbeya, ila mimi ladha yake halisi nimekuja kuijua ukubwani, hii huwa inanisikitisha. Halafu nikaamua niweke na vya kwetu, karanga na asali, maana mtu uko Tabora una asali ya Sikonge ndani halafu uende kutafuta ladha za kwenye vichupa, hapana.

Karanga nilikaanga kavu bila mafuta, moto mdogo, mpaka ganda likaanza kupasuka lenyewe, nikazisugua kwenye ungo zikiwa bado za moto na kuzipepeta uani maganda yakaruka yote. Nikazitwanga kidogo tu, zibaki vipande vya kutafunika.

Sasa kuyeyusha. Chokoleti haiwekwi kwenye sufuria moja kwa moja, inaungua chini. Unachemsha maji kidogo, unapunguza moto, unakalisha bakuli juu yake na maji yasiguse bakuli. Mpango wangu ulikuwa niyeyushe, nichanganye karanga, nimimine kwenye trei basi. Ilikuwa inayeyuka vizuri, laini kabisa, wifi yangu akaja kuchungulia, akanyanyua mfuniko wa sufuria la maharage lililokuwa pembeni na maji ya kwenye mfuniko yakadondokea kwenye bakuli. Matone mawili matatu tu. Nakoroga naona inashikana, inakuwa mabumba, haing'ai tena, wifi anauliza "wifi, mbona imekuwa kama udongo?" na mimi machozi yako karibu kwasababu chokoleti nyingine sina na hela nimeshamaliza.

Hapo ndo kuna kitu nataka mtu akishike. Maji kidogo ndo yanaharibu, yanafanya sukari na unga wa kakao vishikane, lakini ukiongeza maji mengi zaidi inarudi kuwa laini. Niliwahi kulisoma hilo mahali. Nikapasha maziwa fresh, robo kikombe, yakiwa ya moto nikaanza kutia kijiko kimoja kimoja huku nakoroga taratibu kutoka katikati. Vijiko viwili vya kwanza ilizidi kuwa mbaya, nikajikaza, cha tatu ikaanza kufunguka, mpaka yanaisha imekuwa rojo zito linang'aa kama rangi ya viatu. Nikaongeza siagi kijiko kimoja cha chakula na asali kimoja, hapo asali haileti shida tena (ingeingia kwenye chokoleti tupu ingeshikana vilevile maana asali nayo ina maji), nikamwaga karanga, nikafunika, friji masaa matatu.

Haiwi ngumu ya kumimina kwenye trei tena, inakuwa ya kuviringisha. Nilikuwa nanawa mikono maji ya baridi, nakausha, naviringisha tatu nne, nanawa tena. Zikatoka 24, nikazigaragaza kwenye unga wa kokoa ili zisigandane. Kusema kweli ni tamu kuliko nilichokuwa nimepanga.

Mume wangu alifika Jumanne. Valentine yenyewe Jumatano tarehe 14, na mwaka ule iliangukia Jumatano ya Majivu, sisi Wakatoliki tunafunga. Nikamuonyesha bakuli nikarudisha friji. Tulienda kupakwa majivu jioni, tukarudi, tukalala, na sikuumia hata kidogo, ile kusubiri pamoja niliipenda. Alhamisi usiku watoto wamelala tukakaa barazani na kahawa chungu isiyo na sukari, nakushauri uzile hivyo, na zilikaa kwenye sahani karibu saa nzima bila kumwagika. Aliiuma ya kwanza, akanyamaza, akasema "hii asali ya kwetu." Sikuwa nimemwambia.

Zilibaki 10. Akaniomba azibebe, na Tabora mpaka Kigoma ni kama kilometa 400 za reli, na zile za 2023 zilishindwa hata kuvuka chakula cha usiku. Nikachukua hotipoti ndogo, nikailaza friji ikiwa wazi usiku kucha, nikazipanga ndani na karatasi katikati, nikafunga dakika ya mwisho anatoka. Nikamwambia asifungue fungue njiani.

Kesho yake nikapata meseji: "Zimefika 9, nzima kabisa. Moja niliila Uvinza, nisamehe."