Mlango wa Prempeh

Meli ilifunga gati Takoradi, Ghana, alfajiri. Tulikuwa tumetoka Southampton tukielekea Cape Town, mimi na mume wangu, safari aliyoipania tangu alipostaafu. Nilitoka nje nikitarajia minazi. Nikaona marundo ya madini ya manganizi, meusi tii, na makuli wakisubiri zamu. Bandari ile, iliyofunguliwa mwaka 1928, ni ya kazi. Watalii tunapishana na malori.

Kwenye lango mlinzi akaniomba kitambulisho cha wafanyakazi wa meli. Abiria weusi tulihesabika kwa vidole, kwa hiyo simlaumu sana. Mume wangu, Mhaya mwenzangu kabisa, alipita bila kuulizwa kwa sababu ya kofia ya pama na kamera shingoni. Alinitania njia nzima hadi Elmina, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa basi.

Ngome ya Elmina ilijengwa na Wareno mwaka 1482. Waholanzi wakaiteka mwaka 1637, na mwaka 1872 wakawaachia Waingereza. Kwa nje ni nyeupe, inapendeza, na hilo ndilo lililoniudhi, maana humo walifungiwa watumwa. Kijana aliyetutembeza alitusimamisha kwenye ua wa wanawake, akatuonyesha juu kibaraza cha gavana. Alituambia kuwa gavana alikuwa akisimama pale na kunyoosha kidole, na aliyechaguliwa aliogeshwa kisha akapandishwa ngazi. Niliingia kwenye chumba cha chini. Sakafu ilikuwa na unyevu, na harufu yake sikuweza kuipa jina. Mzee mmoja wa kundi letu alikuwa akipiga picha mfululizo. Nikamwomba anipishe nitoke.

Ghorofani tulifika kwenye chumba alimofungwa Prempeh wa Kwanza, mfalme wa Ashanti, baada ya Waingereza kumkamata mwaka 1896. Kijana akaeleza kwamba baadaye alipelekwa Sierra Leone, kisha mwaka 1900 Shelisheli. Wenzangu wakaanza kutoka. Mimi miguu ikagoma.

"Huko Shelisheli aliwakuta wa kwetu," nikamwambia.

"Wa kwenu wapi, Mama?"

Nikamweleza. Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walikamatwa pamoja mwaka 1899 na kuhamishiwa kisiwa hichohicho. Kwetu Bukoba jina la Mwanga si geni, maana alipowakimbia Waingereza mwaka 1897 alivukia upande wetu, kwa Wajerumani. Babu alikuwa akituhadithia habari zake tukimenya ndizi. Lakini Prempeh sikuwahi kumfikiria kama jirani yao. Wafalme watatu, kutoka pande mbili za bara, kwenye kisiwa kimoja!

Kijana alitoa daftari mfukoni. Akanifanya nimtajie majina herufi kwa herufi, akiegemea mlango, huku mume wangu akinipungia mkono kutoka uani kwamba basi linaondoka.

"Prempeh alirudi mwaka 1924," akasema. "Wa kwenu je?"

"Mwanga alifia kulekule mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia njiani, Jinja, kabla hajafika kwao."

Akaandika yote mawili, kisha akaniuliza Jinja iko umbali gani kutoka Bunyoro. Nikamchorea ramani kwenye ukurasa uliofuata, Ziwa Victoria likiwa kubwa kuliko lilivyo, na dereva akapiga honi mara ya pili.