Siku moja maishani mwa wahudumu wa ndege: Nairobi hadi London, kila karaha na saa yake

Safari ya mchana kutoka Nairobi kwenda London huchukua kama saa 9. Abiria huziona kuwa saa 9 za kukaa tu. Sisi tunaozifanyia kazi tumezoea kuona karaha zilezile zikija kwa saa zilezile, na anayeijua ratiba yake huzikwepa nyingi. Ndege ya leo ni Boeing 787-8, mwezi ni Januari, na London iko saa 3 nyuma ya Nairobi.

Saa 10:00 alfajiri

Ratiba ya kazi huandikwa kwa saa za Greenwich. Karatasi inasema 06:00, simu inasema 9:00, na mama nyumbani anajua unaondoka saa tatu. Ni wakati uleule mmoja. Wageni kazini huandika zote tatu kwenye friji mpaka wazoee.

Abiria naye ahesabu akirudi nyuma. Ndege ikiondoka saa 3:00, dawati la mizigo hufungwa kama saa 2:00, na lango la kupandia hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuondoka. JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ina ukaguzi hata kabla ya kulifikia jengo: huenda abiria akashushwa barabarani na kupita kwenye mashine kwa miguu, huku dereva akipitisha gari. Kuna mwingine mlangoni mwa jengo, na mwingine tena kabla ya lango. Mkanda, simu na sarafu vitoke mfukoni na kuingia kwenye begi mapema, na viatu viwe vya kuvulika bila kuinama. Kufika saa 12:00 asubuhi si haraka hata kidogo.

Mizigo ipimwe nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza. Begi la kawaida la kukabidhi ni kilo 23, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Nyama na vyakula vya maziwa haviingii Uingereza katika mzigo wa msafiri kutoka Kenya, kwa hiyo usihangaike kufungasha nyama iliyokaushwa, maana forodha wataichukua.

Betri ya akiba ya kuchajia simu haikabidhiwi na mizigo, inakaa mkononi. Kikomo cha kawaida bila ruhusa ni wati-saa 100. Chukua mAh zilizoandikwa juu yake, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Betri ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, na hiyo inahitaji idhini ya shirika. Ikiwa maandishi yamefutika, mkaguzi hana namna ya kujua, na mara nyingi ataizuia.

Saa 1:00 asubuhi

Tunakutana na marubani kwa kama dakika 15: hali ya hewa, njia, abiria wanaohitaji kiti cha magurudumu, watoto wachanga. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, ndege nyingi zinazokwenda kaskazini huizunguka anga ya nchi hiyo, na kuzunguka huko ni dakika na mafuta.

Ndani ya ndege kila mmoja anakagua eneo lake: mitungi ya oksijeni, vizima moto, tochi, vifuniko vya kujikinga na moshi, mashine ya kushtua moyo. Chakula kimefika kikiwa kimepikwa na kupozwa tangu jana, na kazi yetu angani ni kukipasha tu. Tunahesabu sinia. Zikipungua 4 hapa, zinapatikana. Zikipungua 4 juu ya Mediterania, basi.

Saa 2:00

Abiria wanaanza kuingia. Wazee wenye viti vya magurudumu na wenye watoto hutangulia.

Kabati za juu hujaa kabla ya nusu ya watu kuingia. Sababu si udogo wake. Begi za magurudumu hulazwa bapa wakati zingesimamishwa kama vitabu rafuni, na makoti hutangulia kuingia. Koti liwe la mwisho, juu ya begi. Dawa, chaja, miwani na soksi viwe kwenye mfuko mdogo miguuni, kwa sababu ukishakaa dirishani, kila safari ya kwenda kabatini inawainua watu wawili.

Mlango ukifungwa utasikia tangazo kwamba milango iwekwe tayari na ikaguliwe. Kuanzia hapo, mlango ukifunguliwa kutoka ndani, boya la kutelezea linafumka lenyewe. Kila mhudumu huutazama pia mlango wa mwenzake wa upande wa pili. Begi tunazowasumbua msukume chini ya kiti zina hesabu yake: ndege hairuhusiwi kubeba abiria mpaka ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Mkoba mmoja kwenye ujia unaivuruga hesabu hiyo.

Saa 3:00

Nairobi iko juu sana, uwanja wake una futi 5,330 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo ndege hukimbia masafa marefu kabla ya kunyanyuka. Ubaridi wa asubuhi husaidia. Anayeogopa kwamba "mbona hairuki" ajue njia ya pale ina zaidi ya kilomita 4. Mlima Kenya, kama mawingu hayajaufunika, uko kulia.

Masikio hapa hayasumbui, na wengi hawajiulizi kwa nini. Hewa ya ndani ya 787 haipunguzwi kupita kiwango cha mlima wa futi 6,000. Kutoka Nairobi hiyo ni tofauti ya futi 700 tu. Ndege za zamani zaidi hufika 8,000. Deni la masikio linalipwa jioni, wakati wa kushuka.

Saa 4:30

Chakula. Toroli iliyojaa huweza kukaribia kilo 100. Kanyagio jekundu ni breki, la kijani ni kuachia. Goti au kiwiko kilichochomoza kwenye ujia kitagongwa, tena bila kukusudia, kwa sababu anayeivuta anarudi kinyumenyume.

Kuku huisha kabla ya nyama karibu kila safari, na viti vya nyuma ndivyo vinavyoambiwa hivyo. Asiyetaka bahati nasibu aagize chakula maalumu angalau saa 24 kabla: cha Kiislamu, cha kisukari, cha mboga za Kihindi. Hivyo hugawiwa kwanza kwa namba ya kiti, kwa hiyo usihame kiti kabla hakijafika.

Kikionekana hakina chumvi, usimlaumu mpishi peke yake. Ukavu wa hewa na kelele ya injini hupunguza ladha ya chumvi na sukari. Nyanya na mchuzi mzito hustahimili zaidi, wali mkavu haustahimili. Na chai? Kwa kimo cha futi 6,000 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, karibu sawa na jikoni Nairobi. Tofauti ni kwamba nyumbani majani hutokota pamoja na maziwa, hapa kipakiti kinaning'inizwa kwenye kikombe. Hatuna dawa ya hilo.

Saa 6:00 mchana

Foleni za choo huja mara 3: taa ya mkanda inapozimwa mara ya kwanza, sinia zinapokusanywa, na dakika 40 kabla ya kutua. Nenda katikati ya hizo. Choo huvuta kwa tofauti ya mgandamizo wa hewa ya ndani na nje, maji ni kidogo mno, na nepi au taulo ya karatasi inatosha kukiziba. Kimoja kikifungwa, foleni ya vilivyobaki inaongezeka kwa saa zote zilizosalia. Na usiingie na soksi tupu. Unyevu ule wa sakafuni si maji siku zote.

Baridi nayo huanza sasa. Wa dirishani na wa mlangoni huipata zaidi, wa katikati hulalamika joto, na sisi tuna kipimo kimoja kwa eneo zima. Leso (kanga) nzito kutoka nyumbani inashinda blanketi tunalogawa, na hilo tunalisema tukiwa na sare. Ukilala, funga mkanda juu ya leso uonekane. Ukiwa umefichwa, taa ikiwaka tutakuamsha ili tuuone.

Mtikisiko hausikiki sawa kila mahali: viti vya juu ya mabawa hutulia, vya mkiani huchezacheza. Tukiacha ghafla kumimina chai, rubani ametuonya. Maji ya moto yameumiza watu wengi kuliko hofu yenyewe.

Saa 8:00

Hizi ni saa za ukavu. Unyevu wa hewa ndani ya ndege huwa chini ya asilimia 20. Hewa yenyewe hupita kwenye vichujio vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe ndogo, lakini hairudishiwi unyevu. Midomo inapasuka, lenzi za macho zinakwaruza, pua inaziba. Miwani badala ya lenzi, mafuta ya midomo, na maji kidogo kidogo. Usingoje toroli. Njoo jikoni uombe, na kutembea huko kunasaidia damu ya miguuni, ambayo hutuama mtu akikaa zaidi ya saa 4. Viatu vilivyobana asubuhi sasa havivaliki.

Dirisha la 787 halina pazia, lina kitufe, nasi tunaweza kuyatia giza yote kwa pamoja. Asubuhi jua lilikuwa kulia, sasa liko kushoto.

Simu ikitumbukia kati ya viti, usisogeze kiti. Tuite. Betri ikibanwa na vyuma vya kiti huweza kuwaka moto, na kila mwaka tunafunzwa upya jinsi ya kuuzima.

Saa 11:30 jioni

Kushuka kunaanza, na deni la asubuhi linadaiwa: kutoka futi 6,000 mpaka karibu na usawa wa bahari. Mwenye mafua anaumia kweli. Meza mate, piga miayo, au ziba pua na kupuliza taratibu. Aliyelala aamshwe, kwa sababu usingizini mtu hamezi mara kwa mara. Mtoto mchanga apewe ziwa au chupa kuanzia sasa, si magurudumu yanapogusa ardhi. Maziwa yake hayafungwi na kikomo cha mililita 100 kwenye ukaguzi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuishiwa.

Heathrow, uwanja wa London tunakotua, hutuzungusha hewani mara nyingi, dakika 10 au 20, tukingoja zamu. Vyoo vimefungwa tayari. Aliyepuuza foleni ya tatu anajuta hapa.

Saa 12:00 jioni, London saa 9:00 alasiri

Watu wanasimama kabla mlango haujafunguliwa, shingo zimekunjwa chini ya kabati. Mwenye pasipoti ya Kenya hapiti kwenye milango ya kujihudumia ya uhamiaji, huenda kwa afisa, kwa hiyo kukimbilia mlangoni kuna maana kidogo kama unakwenda foleni hiyo. Anwani ya mwenyeji iwe kwenye karatasi, simu hupenda kuzima hapo.

Wakishatoka wote tunapita kiti kwa kiti. Vifaa vya masikioni, pasipoti moja kila baada ya siku kadhaa, meno ya bandia ndani ya kikombe. Na chupa za maji zilizofungwa vizuri kule juu, sasa zimenywea pande zote, kana kwamba kuna mtu amezifinya moja moja na kuzirudisha mfukoni mwa kiti.